Likizo fupi ndani ya meli ya kitalii: Safari ya wawili kutoka Machakos huanzia nchi kavu

KATI ya Oktoba na Aprili, meli za kitalii zenye ghorofa kumi na zaidi hutia nanga katika bandari ya Mombasa. Abiria wake, wengi wao wakiwa wazee kutoka Ulaya na Marekani, hulakiwa kwa ngoma, hupakiwa katika mabasi na magari ya watalii kuelekea Fort Jesus, Shimba Hills au Tsavo, kisha hurejea melini. Mara nyingi meli yenyewe hung'oa nanga siku hiyo hiyo au kesho yake, na wenyeji hubaki na picha tu.

Mkazi wa Machakos aliyeteremka Pwani kwa gari moshi la Madaraka Express huweza kuitazama meli ya aina hiyo akiwa katika bustani ya Mama Ngina, ikipita karibu kiasi cha kuhesabu madirisha yake. Hapo ndipo swali huzuka: Je, yeye na mwenzi wake wa ndoa wanaweza kupanda chombo kama kile, wakalala usiku tatu au nne baharini, kisha wakarudi nyumbani?

Jibu ni kwamba wanaweza, lakini kwa kawaida si kutoka Mombasa. Aidha, wakishajua pa kupandia, watagundua kwamba sehemu ngumu ya likizo hiyo haiko baharini. Iko katika siku ya kusafiri, yaani zile saa zinazoanza nyumbani Machakos na kumalizika mlangoni mwa meli. Meli haina desturi ya kumsubiri mtu, na aliyechelewa hupoteza chumba, chakula na bahari kwa mpigo mmoja.

Kwa nini si Mombasa

Wanaoendesha biashara hii hutofautisha bandari za aina mbili. Kuna bandari ambako safari huanza na kumalizika, na kuna bandari ambako meli hupita tu kwa saa kadhaa ili abiria waliopandia kwingine watembee. Mombasa ni ya aina ya pili. Wanaoonekana wakishuka pale huenda walipandia Dubai, Cape Town, Mauritius au Ushelisheli, na vyumba vyao vililipiwa miezi mingi kabla.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya ndege kunyakua abiria, Mombasa ilikuwa lango la meli za abiria zilizounganisha Afrika Mashariki na Uingereza pamoja na Bara Hindi. Kati ya 1952 na 1967, kwa mfano, meli SS Uganda ilisafirisha abiria kati ya London na mwambao huu. Katika miaka ya 1990 meli ndogo ya Royal Star, iliyohusishwa na kampuni ya mahoteli ya African Safari Club, ilianzia safari zake za burudani Mombasa na kuwapeleka watalii katika visiwa vya Bahari ya Hindi.

Kilichoivuruga biashara hiyo kinafahamika. Mnamo Novemba 5, 2005, meli ya kitalii ya Seabourn Spirit, iliyokuwa safarini kuja Mombasa, ilishambuliwa kwa bunduki na makombora na maharamia karibu na pwani ya Somalia. Ilifaulu kutoroka, lakini ikaelekea Ushelisheli badala ya Kenya. Mnamo Aprili 2009, MSC Melody, ambayo ilikuwa imetoka Durban ikielekea Genoa nchini Italia, nayo ilivamiwa kaskazini mwa Ushelisheli. Wavamizi walifukuzwa. Hata hivyo, kwa mwenye meli iliyobeba mamia ya wastaafu, mashambulizi hayo yalitosha kumfanya aiweke kando ramani ya mwambao wetu kwa miaka kadhaa.

Uharamia ulipofifia, Halmashauri ya Bandari za Kenya (KPA) kwa ushirikiano na TradeMark East Africa iliandaa jengo la kisasa la kuwapokelea abiria wa meli hizi. Jengo limesaidia, ila jengo pekee halitoshi kuigeuza bandari kuwa mwanzo wa safari. Mwenye meli huangalia wingi wa ndege zinazoingia mjini, uwezo wa kupata vyakula vya maelfu ya watu kwa siku moja, na zaidi ya yote, idadi ya familia zinazoishi karibu ambazo zitajaza vyumba wiki baada ya wiki. Katika upande huu wa bara, mji uliotimiza hayo yote ni Durban, Afrika Kusini.

Bei ya tangazo na bei halisi

Kwa miaka mingi kampuni ya MSC Cruises imekuwa ikileta meli Durban wakati wa kiangazi cha kusini, kuanzia karibu Novemba hadi Machi au Aprili, kabla ya kuirudisha Ulaya. Safari zake fupi ni za usiku tatu au nne. Meli hupanda kaskazini hadi kisiwa cha Portuguese karibu na Inhaca katika ghuba ya Maputo, au hadi Pomene katika mkoa wa Inhambane, Msumbiji, kisha hurudi Durban. Kwa watu wa Ukambani, mwanzo wa msimu huo hugongana na mvua ya vuli, ambayo ndiyo tegemeo lao kuu la kilimo. Wenye mashamba basi hupendelea Januari au Februari, baada ya palizi na baada ya bei za Krismasi kushuka.

Chukua mfano wa mume na mke, tuseme walimu wawili wanaoishi mjini Machakos, ambao wameweka akiba katika chama cha ushirika na sasa wanataka kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa. Jambo la kwanza litakalowakwaza ni tangazo lenyewe. Bei inayoandikwa kwa tarakimu kubwa ni ya mtu mmoja, tena katika chumba cha watu wawili. Kwa hivyo huzidishwa mara mbili. Juu yake huja ada za bandari, na baadaye ada ya wahudumu, ambayo katika kampuni nyingi hutozwa kila mtu kwa kila usiku. Ikiwa ni dola 15, watu wawili kwa usiku nne watalipa dola 120, yaani takriban Sh15,600 dola moja ikiwa Sh130. Kiasi hicho mara nyingi hakimo katika tangazo.

Kisha kuna nauli ya ndege, ambayo kwa Mkenya huweza kuizidi bei ya meli yenyewe. Wenyeji wa Durban huendesha magari yao hadi bandarini na kuita safari hiyo likizo ya bei nafuu. Wanandoa wa Machakos hawana bahati hiyo, na ni vyema wafanye hesabu zao kama wageni, bila kufuata sifa wanazosoma kutoka kwa wenyeji.

Ambaye hesabu hiyo imemshinda hajafungiwa bahari. Lamu kuna manahodha wa majahazi wanaowachukua watalii kwa siku mbili au tatu hadi Manda Toto na Kiwayu, watu wakila samaki waliovuliwa mchana huo na kulala chini ya nyota. Ziwa Viktoria nalo lina meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu, ambayo ilirejea majini Agosti 2020 baada ya kukarabatiwa, na ambayo huvuka usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba ikiwa na vyumba vya kulala. Hiyo ni meli ya usafiri wa kawaida na haina bwawa la kuogelea, lakini kulala juu ya maji na kupambazukiwa bandari nyingine kumo.

Vyeti kabla ya nguo

Tangu Januari 1, 2023, mwenye pasipoti ya Kenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka mmoja. Mabadiliko hayo yana uzito wa pekee kwa msafiri wa meli. Meli inapotoka Durban kwenda Msumbiji, abiria ameondoka Afrika Kusini, na inaporudi, anaingia upya. Zamani mwenye viza ya kuingia mara moja angejikuta mashakani siku ya kurudi. Anayefikiria kupandia meli mahali pengine, kama vile Dubai, hana budi kuuliza jambo hilo hilo: je, viza yake inamruhusu kuingia mara mbili? Masharti ya Msumbiji nayo yaulizwe mapema na majibu yatolewe kwa maandishi.

Kikwazo ambacho wengi husahau ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Afrika Kusini humdai mtu anayetoka Kenya cheti hicho, na chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Anayekumbuka Jumatatu ilhali anasafiri Ijumaa amekwisha kuchelewa. Jambo jema ni kwamba tangu 2016 cheti kimoja hutosha maisha yote, kwa hivyo waliowahi kuchanjwa watafute kadi yao kabatini.

Pasipoti nayo iwe na angalau miezi sita kabla ya kumalizika muda wake, maana hicho ndicho kipimo kinachotumiwa na kampuni nyingi za meli. Majina katika tiketi ya ndege, tiketi ya meli na pasipoti yalingane herufi kwa herufi. Hapa wanandoa huwa na tatizo lao la kipekee. Mke anayejulikana kanisani na kazini kwa jina la mumewe, lakini ambaye pasipoti yake ina jina la babake, huandikishwa na wakala kwa jina la ndoa. Kosa hilo halionekani mpaka siku ya safari.

Kabla ya kumlipa wakala yeyote, hasa yule anayepatikana kupitia simu pekee, inafaa kuulizia leseni yake kutoka kwa Halmashauri ya Kudhibiti Utalii (TRA) na kuangalia kama ni mwanachama wa Chama cha Mawakala wa Usafiri Kenya (KATA). Nambari ya kuthibitisha chumba inapotolewa, wanandoa waitafute wenyewe katika tovuti ya kampuni ya meli. Wasipoipata, wasilipe salio.

Siku ya kusafiri

Machakos ina historia yake na usafiri. Ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi, lakini reli ya Uganda iliupita mji huo kando katika miaka ya 1890, na Nairobi ikachukua nafasi yake mwaka wa 1899. Reli mpya ya 2017 nayo ilipitia Athi River. Mara hii, hata hivyo, jiografia imewapendelea. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko upande wao wa Nairobi, na wanaotoka Machakos kupitia makutano ya Kyumvi na Athi River huufikia bila kuingia katikati ya jiji.

Urahisi huo una mtego, na jina lake ni Mlolongo. Mji huo, ambao wenyeji husema uliitwa hivyo kwa sababu ya foleni ya malori yanayosubiri kupimwa uzito, bado unastahili jina lake. Lori moja likipinduka kati ya Athi River na Mlolongo, mwendo wa saa moja hugeuka kuwa wa saa tatu. Barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 huanzia Mlolongo. Haimsaidii mtu aliyekwama kabla ya kufika hapo. Wenye ndege ya alfajiri hufanya vyema kulala Syokimau au Mlolongo usiku wa kuamkia safari.

Kutoka Nairobi, abiria wa Durban kwa kawaida hubadilisha ndege Johannesburg. Nairobi hadi Johannesburg ni takriban saa nne angani, kisha kuna foleni ya uhamiaji, kuchukua mizigo na kuikabidhi tena kwa ndege ya ndani, halafu saa moja hivi hadi uwanja wa King Shaka, ulio kilomita 35 hivi kaskazini mwa Durban. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mtu akitazama ratiba hiyo kwenye karatasi, atadhani anaweza kutoka Nairobi alfajiri na kupanda meli jioni ile ile. Mawakala wengine huwauzia wateja mpango huo ili kuwaokolea gharama ya hoteli.

Ni mpango mbaya, na historia ya miaka ya karibuni inatosha kuwashawishi wenye shaka. Mnamo Agosti 7, 2013, moto uliteketeza jengo la abiria wa kimataifa katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Mnamo Novemba 2022 mgomo wa marubani wa Kenya Airways uliwakwamiza maelfu ya abiria kwa siku kadhaa. Mnamo Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mkataba na kampuni ya Adani, na safari zikavurugika kutwa nzima. Katika hali kama hizo kampuni ya ndege humtafutia abiria ndege nyingine. Kampuni ya meli, kwa upande wake, haiwajibiki kwa ndege ambayo haikuiuza. Chumba huondoka kikiwa kitupu na fedha hazirudi.

Kwa hivyo siku halisi ya kusafiri ni ile inayotangulia siku ya meli. Wanandoa wafike Durban jana yake, walale hoteli, na waamke mjini humo bila haraka. Gharama ya usiku huo mmoja ni ndogo ikilinganishwa na hasara ambayo ungeizuia. Bima ya safari inayotaja waziwazi kukosa meli kwa sababu ya kuchelewa kwa ndege nayo ni muhimu. Bima nyingi za bei ya chini hazilitaji jambo hilo.

Mlangoni mwa meli

Katika kituo cha abiria cha Nelson Mandela bandarini Durban, kila chumba hupangiwa saa yake ya kuripoti. Mizigo mikubwa hufungwa vitambulisho vyenye nambari ya chumba na kukabidhiwa wachukuzi nje ya jengo. Huenda isionekane tena hadi jioni. Kwa sababu hiyo pasipoti, vyeti, dawa, miwani na vazi la kuogelea hubebwa katika mkoba wa mkononi. Pasi za umeme, mishumaa na birika za kuchemshia maji huzuiliwa kwa hofu ya moto, na pombe iliyonunuliwa nje huchukuliwa na kuhifadhiwa.

Abiria hupigwa picha na kupewa kadi moja ya plastiki. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, kitambulisho cha kutokea na kuingia, na pia ndiyo mfuko wa fedha. Kila kinywaji na kila zawadi huandikwa humo, na deni hukatwa katika kadi ya benki au fedha taslimu zilizowekwa amana. M-Pesa, ambayo Mkenya ameizoea hata kwa kununua mboga, haimsaidii hapa.

Kabla ya meli kuondoka, wote huitwa katika zoezi la dharura. Huonyeshwa namna ya kuvaa jaketi okozi, mahali pao pa kukusanyika, na sauti ya king'ora: milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Wapo wanaoliona zoezi hili kuwa usumbufu. Wakenya wanaokumbuka Aprili 29, 1994, siku ambapo feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakaangamia, hawahitaji kuelezwa sana. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa Januari 13, 2012, mamia ya abiria waliokuwa wamepanda jioni ile hawakuwa wamefanya zoezi hilo, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe katika muda wa saa 24. Watu 32 walifariki. Kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi ni lazima kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Maisha baharini

Chumba cha bei ya chini zaidi hakina dirisha. Ni safi, kina kitanda cha watu wawili na bafu dogo ambamo mtu mnene hugeuka kwa uangalifu, lakini taa ikizimwa, mchana na usiku ni kitu kimoja. Wengine hulala humo vizuri kuliko nyumbani, wengine hubanwa kifua. Kwa wanandoa watakaotumia chumba kubadilishia nguo tu, kinatosha. Wanaotaka kuketi wawili wakiitazama bahari bila umati wa watu watalipia chumba chenye roshani, na kwa maadhimisho ya ndoa pengine gharama hiyo ina haki yake.

Muhimu kuliko dirisha ni mahali chumba kilipo. Meli huyumba zaidi mbele, nyuma na juu. Chumba cha katikati, katika ghorofa za chini, hutulia. Kwa mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuvuka kwa mashua ni bwawa la Maruba, ushauri huu una thamani. Bahari ya Durban ina mawimbi yake, na kichefuchefu cha usiku wa kwanza huwapata hata vijana wenye nguvu. Dawa yake humezwa kabla ya dalili kuanza. Anayesubiri mpaka tumbo lichafuke huitapika.

Chakula kimelipiwa, na ni kingi kupita kiasi. Kuna ukumbi wa kujipakulia uliofunguliwa karibu kutwa nzima, na kuna mkahawa rasmi ambako kila chumba hupewa meza na saa yake. Jioni moja huwa ya mavazi rasmi. Suti ya harusini na kitenge kilichoshonwa vizuri hutosha kabisa. Wageni wengi katika meza jirani watakuwa familia za Kiafrika Kusini zenye kelele na ukarimu. Asiyekula nguruwe au anayeugua kisukari huarifu mapema, na jikoni humtengea.

Vinywaji ndivyo huzua ugomvi. Maji, chai na kahawa ya ukumbini kwa kawaida hazina malipo, lakini soda, bia na mvinyo hulipiwa, ama kimoja kimoja au kwa kifurushi cha siku zote. Kampuni kadhaa huwalazimisha watu wazima wote wa chumba kimoja kununua kifurushi ikiwa mmoja wao amekinunua. Katika nyumba ambako mume hunywa bia mbili jioni na mke ni mwanachama wa Muungano wa Akina Mama kanisani, kifurushi hicho ni hasara tupu. Wanunue kimoja kimoja.

Simu nayo ina hatari yake. Meli ikishaacha pwani, mitambo yake ya setilaiti huikamata simu, na dakika chache za mazungumzo au picha chache zilizojipakia zenyewe huweza kumfilisi mtu. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni tangu Durban. Anayehitaji intaneti anunue ya meli, ambayo si rahisi pia. Wazazi walioacha watoto kwa nyanya yao waagane nao vizuri bandarini na kumwachia shangazi au mjomba nambari ya simu ya meli kwa dharura.

Huduma ya daktari ipo, na hulipiwa kama hospitali ya kibinafsi. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, haifiki huko. Wenye shinikizo la damu wabebe dawa za siku kadhaa zaidi ya zile za safari.

Kuna jambo moja ambalo huenda likawafurahisha bila kutarajia. Tangu 2019 vijana wa Kenya wamekuwa wakiajiriwa katika meli za MSC kama wahudumu wa vyumba, jikoni na mikahawa. Si ajabu basi mume na mke wakasalimiwa kwa Kiswahili na kijana anayepanga taulo. Wakimuuliza kuhusu kazi yake, watajua kwamba wakati wao wako likizo ya usiku nne, yeye yuko kazini kwa miezi, akilala katika ghorofa za chini ambako abiria hawafiki.

Siku ya kushuka ufukweni, kama vile Pomene, watu hupelekwa kwa vyombo vidogo kwa sababu hakuna gati la meli kubwa. Hapa ndipo kanuni ya kutosubiri hurudi tena. Mnamo Machi 2024, abiria wanane wa Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezini katika kisiwa cha São Tomé. Meli iliondoka. Ilibidi waifuate nchi kwa nchi hadi walipoipata Dakar, Senegal, siku kadhaa baadaye. Katika kundi hilo walikuwamo wazee, na baadhi ya mali zao zilikuwa zimebaki vyumbani. Aliyekwenda kwa matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe husubiriwa. Aliyekodi boti yake mwenyewe huachwa.

Wakati mwingine hata siku hiyo ya ufukweni haipatikani. Mawimbi yakiwa makubwa, vyombo vidogo haviwezi kushusha watu salama, na nahodha huamua kupita. Mikataba ya tiketi humpa haki hiyo, na kinachorudishwa kwa kawaida ni ada ya bandari pekee. Wanandoa waliokwenda kwa ajili ya mchanga wa Msumbiji watanung'unika. Waliokwenda ili kukaa wawili, bila kengele ya shule na bila mgeni kubisha hodi, hupata siku ya ziada ya kukaa.

Usiku wa mwisho mizigo huwekwa nje ya mlango kabla ya saa sita. Wengi hujikuta asubuhi hawana viatu, kwa kuwa vimekwenda na sanduku. Ankara hutolewa usiku huo huo. Isomwe mstari kwa mstari na makosa yapelekwe mapokezini kabla ya kulala, kwani asubuhi foleni huwa ndefu. Meli hufika Durban alfajiri, lakini uhamiaji, forodha na kushusha maelfu ya watu kwa zamu huchukua saa kadhaa. Tiketi ya ndege ya kwenda Johannesburg isiwe ya kabla ya saa nane mchana, na kama ya Nairobi ni ya jioni, gari la kuwapeleka Machakos usiku liwe limeagizwa kabla hawajaondoka nyumbani.